Mtungi Nimeuvunja, Mama, Vigae Sikuvitupa

Mpendwa Mama,

Mtungi nimeuvunja. Niliuvunja Jumamosi moja asubuhi kwa ule mchi wako, nyuma ya jikoni, kama ulivyoniagiza ukiwa umelala hospitalini. Hapo nimekutii, na ukipenda unaweza kunishukuru. Lakini ulisema nikishauvunja nivitupe vigae chooni, nirudi ndani ninawe mikono, na kazi ya udongo iwe imeisha nyumbani kwetu. Hapo sikukutii. Sikuvitupa, na kazi haijaisha. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla mtu wa kwetu Shinyalu hajakuletea umbea huko uliko, maana watu wetu nawajua, hata kaburi haliwazuii.

Mtungi wenyewe utausahauje? Ulikaa kwenye kona ya jikoni juu ya kata ya majani ya mgomba, umefunikwa kwa sahani ya bati yenye maua. Maji yake yalikuwa baridi hata Januari, mwezi ambao mbwa wa kwetu hushinda chini ya kitanda. Mgeni aliyekataa soda hakukataa maji ya mtungi ule. Ulitukataza kuugusa kwa mikono michafu, nawe mikono yako ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Nilipokuonyesha jambo hilo ulinirushia kipande cha kibuyu ulichokuwa ukilainishia vyungu, kikanikosa kidogo.

Kazi yangu mimi ilikuwa vigae. Kila chungu kilichopasuka motoni, na kila kilichoangushwa na jirani, kilirudi kwetu. Watu wengine wangetupa. Wewe ulinikalisha mbele ya jiwe la kusagia, ukanipa lile jiwe dogo la mkononi lenye shimo la kidole gumba, nami nikasaga vigae mpaka vikawa kama unga wa wimbi na pua yangu ikawa nyekundu kwa vumbi. Unga huo uliuchanganya na udongo mpya kutoka ukingoni mwa mto Isiukhu, ukaukanyaga polepole, vidole vya miguu vikitafuta vijiwe. Nilikuuliza kwa nini tunarudisha vitu vilivyovunjika ndani ya vitu vipya. Hukuinua hata uso.

"Udongo mpya peke yake iko na kiburi," ulisema. "Ikionanga moto inapasuka. Razima uiwekee mzee ndani, aitulize."

Mzee mwenyewe alikuwa vyungu vya Kukhu, mama yako. Na Kukhu alikuwa amesaga vya mama yake. Nilikuwa na miaka tisa nilipoelewa kwamba uji wangu wa asubuhi ulipikiwa ndani ya vyungu vya watu nisiowajua hata majina, na jambo hilo lilinipa raha ambayo sikumwambia mtu.

Unakumbuka ile siku ya methali? Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba mfinyanzi hulia gaeni, na darasa zima likageuka kunitazama. Nilifika nyumbani nikilia kwa hasira, nikakusomea daftari. Ulikuwa unakaanga njugu, Mama, na ulikuwa unazikaanga kwenye kigae. Ulikitazama kigae, ukanitazama, ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Huyo mtu arisema hiyo maneno," ukasema, "arikuwa jirani yangu." Tukazila njugu humo humo gaeni, zikaisha. Lakini kesho yake mchungaji alipokuja kutuombea, nilikuona ukikisukuma kile kigae chini ya kapu kwa mguu.

Niliona mengi ambayo ulidhani siyaoni. Sokoni wanawake walikusifia vyungu, wakavigonga kwa ukucha wasikie mlio wake, kisha wakakuwekea pesa juu ya gunia ili wasiguse vidole vyako. Kanisani, wakati wa kupeana amani, ulikunja mikono ndani ya leso na kuinamisha kichwa tu. Ngozi yako ilipasuka msimu wa kiangazi, ukaipaka mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya kupaka yaliteleza kwenye udongo. Sikusahau hata kimoja, kwa hiyo usidhani nimeingia kazi hii kama mtoto wa mjini anayeona vyungu kwenye simu na kusema ni vizuri.

Siku barua ya kuniita sekondari ilipofika nilikuwa katikati ya kusaga. Ulikuja kwa haraka, ukanipokonya jiwe mkononi. "Kutoka reo hii mikono ni ya kushika karamu," ulisema, ukalirusha kwenye mahindi ya jirani kwa nguvu zote. Nililitafuta wiki nzima kila ulipokwenda mtoni. Sikulipata. Nikaenda shule, nikasoma, nikapata kazi ambayo ulijivunia kuliko mimi: chumba cha faili katika hospitali ya kibinafsi mjini Kakamega, kiti cha kuzunguka, sweta la kazi, jina langu kifuani. Ulikuja kunitembelea mara moja, ukasimama mlangoni ukitazama zile faili zilivyopangwa mpaka darini, ukauliza kama zote nimezisoma. Nilikudanganya nikasema ndiyo.

Na ni katika hospitali hiyo hiyo ndipo jambo lililotutenganisha lilipotokea.

Ulikuja ukiwa mgonjwa, umeshikiliwa na Shem ndugu yangu. Pale dirishani walitaka kidole chako, mashine ithibitishe kwamba mwenye bima ni wewe. Ukaweka kidole. Mashine ikalia. Ukaweka kingine. Ikalia tena. Msichana wa mapokezi alikwambia kwa upole, "Mama, enda uoshe mikono kidogo," nawe ukaenda ukaosha. Mara tatu ulienda kwenye lile sinki, Mama, ukiwa na homa. Niliposhuka nilikukuta umeinua mikono yote miwili mbele ya kioo cha mapokezi, myekundu kwa kusuguliwa, ukisema, "Ni safi. Angaria, ni safi."

Vidole vyako havikuwa na mistari. Miaka yote ile ya unga wa vigae ilikuwa imeilamba, kidole hadi kidole, vikabaki laini kama mbegu ya parachichi. Msichana alijaza fomu kwa mkono na ukapewa kitanda, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu uko kwa yale uliyoyasema ukiwa kwenye kitanda hicho, ukitazama ukuta.

"Hii kazi imenifuta, Mmbone. Nimefinyanganga mpaka hata mashine inasema siko. Nikikufa, vunja ire nyungu ya maji. Tupa vigae kwa choo. Iishie kwangu. Wewe bado uko na vidore."

Niliitikia. Mgonjwa habishiwi. Lakini moyoni nilikataa hapo hapo, na nimekuwa nikikataa tangu siku ile.

Tulipokuzika sikuweza kuuvunja. Miezi kumi, kila Jumamosi, nilifagia jikoni, nikauzunguka mtungi na ufagio kama mtu anayemzunguka mgeni aliyelala. Shem akaniuliza mara mbili tatu ninangoja nini. Kisha nikafungua sanduku lako la nguo ili tugawane leso na shangazi. Chini kabisa, ndani ya leso ya zamani isiyo na rangi, kulikuwa na jiwe dogo lenye shimo la kidole gumba.

Mama wewe! Uliliokota! Ulingoja niende shule, ukaingia kwenye mahindi ya watu, ukaliokota, ukalificha miaka yote hiyo, huku kila likizo ukinitazama kucha kama askari wa gereza. Nilikaa sakafuni nikacheka, kisha nikalia, kisha nikakasirika sana. Mtu anayetaka kazi ife hatunzi jiwe lake kwenye leso. Kama wewe mwenyewe hukuweza kuitii amri yako, mimi ni nani niitii?

Jumatatu iliyofuata niliamka mapema, nikaenda mtoni kabla ya kazi.

Nikwambie ukweli, nilianza vibaya. Mikono ilikumbuka kukanda, ilikumbuka kusokota kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, lakini nilikosa vigae. Nilikuwa na vigae vizima pale kona ya jikoni vikishikilia maji, na sikuwa tayari. Basi nikasaga matofali. Shem alikuwa na matofali yaliyobaki alipojenga, nikafikiri kilichochomwa ni kilichochomwa, kitajuaje? Nilitengeneza vyungu vitano, nikavikausha kivulini siku kumi kama ulivyokuwa ukifanya, nikavipangia kuni na maganda ya miti, nikafunika kwa nyasi. Sikuvisifu. Sikumruhusu mtu avisifu, maana sifa kabla ya moto hupasua chungu. Motoni nikasikia cha kwanza, pwaa, kisha cha pili. Vitatu vilipasuka midomo, na viwili vilivyopona vilianza kumeguka vipande vidogo vidogo wiki iliyofuata, vikiwa vimetulia tu mezani. Nikajaribu tena na matofali ya mtu mwingine, mambo yakawa yale yale.

Shem alisimama kando ya majivu, mikono mfukoni. "Mutu wa ofisi," akasema, "anakanyaga matope kama mutu hajasoma. Mama alilia huko hospitali ndio uache hii kitu."

"Mama alilia kwa sababu ya mashine," nikamjibu. "Hakulia kwa sababu ya udongo."

"Kwani iko tofauti?"

"Iko. Nenda ukalishe ng'ombe."

Nilimjibu kwa ukali lakini maneno yake yaliniandama. Nikaingia jikoni, nikaketi mbele ya mtungi wako. Huko nje udongo wangu ulikuwa na kiburi na hapakuwa na mzee wa kuutuliza, ilhali mzee alikuwa hapa, na wewe mwenyewe ulikuwa umeniamuru nimvunje. Nilimwaga maji kwenye migomba. Nikaubeba nje kwa mikono miwili. Mchi ulipoupiga mara ya kwanza haukuvunjika, ulilia tu kama kengele, nami karibu niache. Mara ya pili ukafunguka.

Hapo ndipo nikaona kitu ambacho sidhani uliwahi kumwonyesha mtu. Ndani ya shingo, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupiti tena chungu kikishafungwa, ulikuwa umebonyeza kidole gumba. Uliufinyanga mtungi ule ukiwa msichana, ulikuwa wako wa kwanza ambao Kukhu aliukubali, uliniambia hivyo mara nyingi. Kumbe uliweka kidole. Na mistari ipo, Mama. Yote. Inazunguka kama njia za ng'ombe kilimani, na mmoja umekatika katikati, nadhani ulikuwa na kovu. Moto uliishika na haikufutika. Nilikaa na kipande kile juani mpaka Shem akaja kuuliza kama nimejikata.

Vigae vingine vyote nilivisaga kwa jiwe lako. Hicho kimoja sikukisaga.

Nilifinyanga upya na hakuna hata kimoja kilichopasuka. Nilivitoa kwenye majivu, nikavigonga kwa ukucha, vikajibu. Sasa kila asubuhi kabla ya kazi ninakuwa na udongo saa moja na nusu, na Jumamosi nzima. Wanawake wa sokoni wananiita "daktari wa vyungu" kwa sababu ya sweta la hospitali. Mmoja alitaka kuniwekea pesa juu ya gunia. Nilimnyooshea mkono wenye udongo, nikamngoja. Alitazama kulia, akatazama kushoto, mwishowe akaushika. Hilo moja nilikufanyia wewe.

Lakini sasa sikiliza, maana hapa ndipo utakaposema ulinionya.

Hospitali imeleta mashine ya vidole kwa wafanyakazi. Unafika, unabonyeza, mashine inaandika saa yako. Majuma ya kwanza ilinijua. Kisha ikaanza kusita. Mwezi huu imekataa kabisa, kidole hiki na kile, na kwa hesabu zake mimi sijafika kazini siku sita, ingawa askari wa lango ananisalimia kila asubuhi na faili zinatoka kama kawaida. Unga wa matofali ulikuwa mkali kuliko vigae vyako. Umenifanya ndani ya muda mfupi ulichofanywa wewe kwa miaka.

Msimamizi wangu, Madam Phoebe, aliniita. Si mtu mbaya, tumekula mandazi pamoja miaka mingi. Alishika mikono yangu akaigeuza kwenye mwanga.

"Mmbone, wewe ni mtu wa ofisi," akasema. "Hii mambo ya udongo si uwachie wamama wa huko chini? Pumzika miezi mitatu, laini zirudi, tukuandikishe upya. Uweke saini hapa tu, basi."

Akanisukumia karatasi. Imeandikwa kwamba mimi, na nafasi ya jina langu, ninaahidi kutofanya nje ya kazi shughuli yoyote inayoharibu alama za vidole, na nikivunja ahadi nitakuwa nimejiachisha kazi mwenyewe. Mwisho ni Jumatatu.

"Madaktari wanabonyeza wapi?" nikamuuliza.

"Madaktari wako na kitabu. Wanasainingi."

"Basi na mimi nipewe kitabu."

"Mmbone, hao ni madaktari."

Ningetaka ungekuwepo usikie alivyolisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua inatoka juu.

Kazi ile naihitaji, Mama, sitajifanya shujaa. Watoto wangu wawili wako bweni na vyungu haviwezi kuwasomesha peke yake. Tena naipenda. Ninajua faili ya mtu kwa rangi ya mgongo wake, na mgonjwa akija na kadi iliyolowa maji mimi ndiye wanayemwita. Uliuza vyungu vingi ili nikae kwenye kile kiti, na sina nia ya kukiacha. Lakini karatasi ile haitaki nichague kiti tu. Inataka niandike kwa mkono wangu kwamba ulichofanya maisha yako yote ni uharibifu. Hapo wamekosea mtu.

Leo ni Jumapili. Sikwenda kanisani, nitakwenda wiki ijayo nikapeane amani kwa mikono yote miwili. Karatasi iko hapa mezani. Pale pa jina nimeandika jina langu. Ile ahadi nimeikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake nimeandika kwamba ninafika kazini kila siku, askari wa lango ni shahidi, na ninaomba kitabu cha kutia saini kama wanachotumia madaktari. Pale pa saini nimechovya kidole gumba kwenye udongo wa leo asubuhi, nikabonyeza. Limetoka duara laini la kahawia. Sasa linakauka.

Kesho saa mbili nitakuwa ofisini kwa Madam Phoebe. Ndani ya mkoba nitakuwa na karatasi hiyo, na kipande chako kimefungwa kwenye ile leso isiyo na rangi. Akiniambia kwamba kazi hii humfuta mtu, nitakifungua mezani pake, nimwambie hiki ni kidole cha mama yangu, mashine yenu ilisema hayupo. Akinipa kitabu, nitasaini. Akininyima, nitaomba kwa aliye juu yake, na juu ya huyo. Wakinifukuza nitaumia, sikufichi, na nitatafuta kazi nyingine ya mchana. Ya asubuhi ninayo.

Wewe kasirika ukitaka. Ulikuwa na haki ya kuchoka, Mama, hiyo sikuondolei. Ulitaka nipone na yaliyokupata, nami nakupenda kwa hilo mpaka kifua kinauma. Ila ulisema wewe ndiye wa mwisho, na hilo halikuwa lako kuamua. Kukhu hakuamua hivyo kwako.

Kona yako ya jikoni haiko tupu. Nimeweka mtungi mpya juu ya kata ile ile, na ile sahani yenye maua juu yake. Shem alikunywa maji yake jana, akaongeza, akaenda kwa ng'ombe wake. Wewe umo ndani yake, umesagwa, na Kukhu yumo, na wale wasio na majina. Kabla sijaifunga shingo niliingiza mkono nikabonyeza kidole gumba kama wewe. Mistari haikutoka. Nimeuacha hivyo hivyo, nikauchoma.

Lala, Mama. Jiwe ninalo.

Ni mimi bintiyo uliyemkataza,
Mmbone